Miamba 12 iliyorudi Shelisheli

Tumbawe likifa halianguki siku ileile. Kwanza husimama jeupe pe, kisha huvaa utelezi wa kijani, baadaye likawa kahawia kama kuni iliyolowa. Ukiligusa tawi lake baada ya mwaka mmoja au miwili, linakatika kama chaki. Nimeyagusa mengi katika kazi yangu ya utafiti wa bahari, na bado sijazoea.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo humtengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kumpa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida hata kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitema vijimea hivyo na kupauka. Joto likishuka mapema, hupona. Likikawia, njaa inamuua.

Mwaka 1998 joto lilikawia. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli, karibu na Mahé na Praslin, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa. Kwa bahati, watafiti walikuwa wameshapima miamba 21 ya matumbawe huko mwaka 1994, hivyo walikuwa na cha kulinganisha nacho. Kufikia 2011, miamba 12 ilikuwa inarudi. Mingine 9 ilikuwa imegeuka mashamba ya mwani.

Kwa nini, ilhali joto lilikuwa lilelile? Kwa sehemu kubwa ni kina cha maji na umbo la mwamba. Iliyorudi ilikuwa ya kina zaidi, yenye mapango, nyufa na matuta. Samaki walao mwani, kama pono na tasi, walipata pa kujificha wakaendelea kuukwangua mwani, na vitoto vya matumbawe vikapata mahali pasafi pa kushika. Kwa hiyo mifupa ya mwamba ina thamani hata baada ya nyama yake kufa.

Jambo moja lilinisumbua: kuwa ndani ya hifadhi hakukuuongezea mwamba nafasi ya kupona. Sisemi hifadhi hazina maana. Mwaka 2020 Shelisheli ilikamilisha kuweka asilimia 30 ya bahari yake chini ya ulinzi, kazi iliyosukumwa na mpango wa kugeuza dola milioni 21.6 za deni lake kuwa fedha za uhifadhi. Naiheshimu sana hatua hiyo, kwa ajili ya kasa, papa na samaki. Ila mpaka wa kwenye ramani hauzuii maji ya moto.

Huko kisiwa cha Cousin, tangu 2010, vipande vya matumbawe vimekuzwa kwenye kamba chini ya maji, kisha kubandikwa mwambani kimoja kimoja kwa mkono wa mzamiaji. Katika miaka ya mwanzo vilipandwa takribani 24,000, na vyote vikaenea nusu hekta tu. Ndiyo maana mimi ningeanza na miamba ya kina zaidi yenye mapango ambayo bado ipo: nanga zisitupwe juu yake, majitaka na tope la ujenzi visiifikie, pono na tasi wasimalizwe.

Muda ndio unaoniogopesha. Kutoka 1998 hadi joto kali la 2016, miamba ile ilipata miaka 18 ya kujijenga. Wimbi lililofuata la kupauka duniani lilianza 2023, miaka 7 tu baadaye.