Oili kwanza, farasi baadaye: injini ya rota kwenye ndege ya kujiundia Lubumbashi

Wageni wa karakana yetu huuliza jambo moja: "Papa, hii ina farasi ngapi?", yaani nguvu ya injini. Mimi huwaonyesha kipimajoto cha oili. Mazda 13B, injini iliyotumika kwenye gari la RX-7, inatosha kabisa kuinua ndege ndogo ya watu wawili. Kazi ni kuiondolea joto.

Ndani haina pistoni wala vali. Ina rota mbili za pembe tatu, na rota ikizunguka mara moja, shafti imeshazunguka mara tatu. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,308 tu, lakini hupenda kuzunguka haraka, kwa hiyo propela haifungwi moja kwa moja kwenye shafti. Giaboksi yetu hupunguza mizunguko kwa 2.85: injini ikifika 7,500 kwa dakika, propela iko 2,630 hivi, na ncha zake hazifikii mwendo wa sauti.

Mafundi wa magari huangalia maji ya kupoza tu. Rota hupozwa na oili kwa ndani, na karibu theluthi ya joto linaloondolewa na mifumo ya kupoza hupita kwenye oili hiyo. Radiateri yake basi haichomekwi popote palipobaki nafasi. Halafu nyumba za rota ni za aluminiamu, kuta za pembeni ni chuma cha kusubu. Joto likizidi, hazitanuki sawasawa. Mipira inayozuia maji kati yake huharibika, na maji huingia kwenye chumba cha moto.

Sasa ongeza hewa ya kwetu. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba, mvua haijaanza, joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,200. Injini isiyo na turbo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu, propela nayo haishiki vizuri, na radiateri hupata hewa pungufu. Majaribio ya Julai, asubuhi ya baridi, yatakupa namba za kupendeza. Usizijengee matumaini. (Na ukihakiki senseri kwenye maji yanayochemka, hapa juu, ambapo maji huchemka mapema, isome karibu nyuzi 96. Ikisoma 100, ina kasoro.)

Injini ikipata moto, wengi hukimbilia kupanua mdomo wa mbele. Mimi naanzia nyuma, hewa inapotokea. Njia ya kutokea ikiwa finyu, hewa hujaa mbele ya radiateri na iliyobaki hupita pembeni. Tulipanua mlango wa nyuma, tukaziba kila upenyo kuzunguka radiateri, kisha tukapima tofauti ya shinikizo la hewa kwa mrija wa plastiki wenye maji ya rangi: ncha moja mbele ya radiateri, nyingine nyuma yake. Ni kifaa cha bei ya soda, na nakiamini kuliko skrini nyingi.

Lakini kwenye kusoma mrija huo ndipo penye mtego. Ndege ikienda kilomita 160 kwa saa katika hewa ya Oktoba, shinikizo lote la upepo ni kama sentimita 10 za maji, yaani hutenganisha urefu wa maji mrijani kwa kiasi hicho. Ukikimbia ardhini kwa kilomita 80, hupati 5, unapata 2.5, kwa sababu shinikizo hufuata mwendo kipeo cha pili. Kwa hiyo joto la oili ulilopima ukikimbia ardhini halikuambii litakuwaje ndege ikipanda. Kinachosafiri nawe hadi angani ni uwiano: katika shinikizo lililopo, ni sehemu gani inafanya kazi kuvuka radiateri? Hiyo ndiyo namba ninayoiandika daftarini kila tunapobadilisha kitu, tena nikipimia mbali na upepo wa propela kadiri iwezekanavyo, maana propela hupiga upande mmoja kuliko mwingine.

Ndege yetu bado haijaruka. Ruhusa ikipatikana, rubani atakuwa na kanuni yangu moja kwenye karatasi: oili ikigusa nyuzi 100 wakati wa kupanda, shusha pua, ongeza mwendo, punguza gesi (nguvu ya injini), hata kama maji yanaonekana salama.