Si kila kibadala ni moki

Siku hizi ukikaa na madevelopa wa Dar, kila objekti ya bandia inayowekwa kwenye jaribio la msimbo huitwa moki. Databesi ya kwenye memori, moki. Jibu lililoandikwa kabisa ili lirudishwe, moki. Mazoea haya yananikera, kwa sababu yanaficha swali ambalo jaribio lilitakiwa kuuliza.

Moki ni objekti inayoshika nafasi ya ile halisi unapojaribu klasi moja, yaani kipande kimoja cha programu, peke yake. Huelezwa mapema itaitwa vipi, na isipoitwa hivyo jaribio linafeli.

Chukua klasi inayouza tiketi za boti ya Zanzibar. Kwanza inauliza pochi ya simu kama salio linatosha. Ukiweka pochi ya bandia inayojibu 50,000 kila ikiulizwa, hiyo ni stabu. Kazi yake ni kujibu tu, iulizwe mara moja au mara kumi. Baada ya hapo unatazama matokeo: tiketi imetoka au haikutoka.

Sasa, mteja amekatwa mara ngapi? Tiketi haisemi. Inaweza kutoka safi kabisa huku pochi imekatwa mara mbili, na stabu ikapitisha jaribio. Moki haipitishi. Imeelezwa kwamba kata(35000), yaani mwito wa kukata nauli, iitwe mara moja tu, na salio lisipotosha isiitwe kabisa. Mwito wa pili ukitokea, jaribio linafeli papo hapo. Kwenye hela za watu, tofauti hii ni kubwa mno.

Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza wazo la moki mwaka 2000. Mwaka 2007 Gerard Meszaros akayapanga majina: moki na stabu zikawa mbili tu kati ya aina kadhaa za vibadala, na databesi ya kwenye memori ikaingia kundi la feki, yaani kibadala kinachofanya kazi kweli ila kwa njia rahisi. Mockito, maktaba ya Java ya kutengeneza vibadala, nayo imechangia kuchanganya watu, maana methodi yake ni mock() hata pale unapotaka jibu tu.

Kwa hiyo ukikagua msimbo wa mwenzako ukakuta “mokiPochi” isiyohakiki mwito wowote, mwombe aiite stabu. Na kama amehakiki hadi mwito wa kuuliza salio, mshauri auondoe huo, abaki na wa kukata. Kuuliza salio mara mbili hakumpunguzii mteja hata shilingi.