Punda si mkaidi, wala si jiwe

"Punda afe, mzigo ufike." Msemo huu huenda sambamba na imani kwamba punda hasikii maumivu, na akigoma dawa yake ni fimbo. Si kweli.

Asili yake ni punda-mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, nchi kavu yenye mawe. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama kwanza, apime hatari. Watu wakaita huko kusimama kiburi! Maumivu nayo huyaficha, maana porini anayechechemea ndiye huliwa kwanza.

Mwangalie punda wa Lamu aliyebeba mchanga wa ujenzi. Inua shogi, ule mfuko wa mzigo mgongoni: kidonda sawa na kiganja, nzi wametanda, naye katulia tu, masikio yamelegea, mguu mmoja haukanyagi sawasawa. Ndiko kulia kwake.

Dalili ya kuogopa zaidi ni kuacha kula. Mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, ini likazidiwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo usiseme "atapona mwenyewe"; mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Lamu wana bahati, kituo cha The Donkey Sanctuary, shirika linalotibu punda, kipo tangu 1987.

Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Oili chafu ya gari, ambayo watu wanaipenda sijui kwa nini, huunguza ngozi. Kisha apumzike bila mzigo hadi kifunge, na akirudi kazini awekewe gunia nene chini ya shogi.