Rada haikupiga picha ya Safina: yanayosemwa kuhusu Durupınar na yaliyopimwa kweli

Kila baada ya muda ile video hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Linaonekana umbo kama la merikebu limelala kwenye mteremko wa udongo mashariki mwa Uturuki, zinafuata picha za rangi nyekundu na buluu zinazoitwa "picha za chini ya ardhi", na sauti nzito inatangaza kwamba sayansi imeipata Safina ya Nuhu. Mahali penyewe panaitwa Durupınar. Pako karibu na mji wa Doğubayazıt na mpaka wa Iran, takriban kilomita 30 kusini mwa kilele cha mlima Ağrı, ambao wengi tunauita Ararati. Umbo hilo lipo kweli, na limepimwa kwa vifaa vya jiofizikia, yaani vya kuchunguza yaliyo chini ya ardhi bila kuchimba, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachonisumbua ni yale vifaa hivyo vinayosingiziwa kuwa vimeyasema, maana habari za Nuhu ni amana kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na amana haitunzwi kwa ushahidi wa kuungaunga.

"Limegunduliwa juzi kwa teknolojia mpya"

Aliyeliona kwanza katika picha za angani ni Kapteni İlhan Durupınar wa jeshi la Uturuki, mwaka 1959. Jarida la Life la Marekani likachapisha picha yake tarehe 5 Septemba 1960. Mwaka huohuo msafara ulifika hapo ukiwa na Arthur Brandenberger wa Chuo Kikuu cha Ohio State, bingwa wa kupima ardhi kwa kutumia picha za ndege. Walichimba, wakalipua kwa baruti, wakakuta udongo na mawe. Habari ikapoa. Iliamshwa upya kuanzia 1977 na Ron Wyatt, muuguzi wa nusukaputi kutoka Marekani, na mengi yanayosambazwa leo yana mizizi katika madai yake ya miaka ya 1980.

"Rada imepiga picha ya vyumba na korido"

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusiharakishe.

Rada ya kupenya ardhini ni kisanduku kinachoburutwa juu ya ardhi kwa mistari iliyonyooka. Hutuma chini mapigo mafupi ya mawimbi ya redio, kisha husikiliza mwangwi. Mwangwi hutokea pale wimbi linapotoka kwenye kitu kimoja na kuingia kingine chenye tabia tofauti ya umeme: mchanga mkavu na udongo uliolowa, tope na mwamba, mwamba na uwazi. Inachorekodi rada ni muda wa mwangwi na nguvu yake. Haijui mbao, haijui mlango. Jiwe moja kubwa lililofukiwa huchora upinde kwenye matokeo, kwa sababu rada huanza kulisikia kabla ya kufika juu yake na huendelea kulisikia ikishalipita. Asiye na uzoefu akiuona upinde huo huapa kwamba ameona dari.

Kina nacho hakipimwi moja kwa moja, hukokotolewa. Kwenye mchanga mkavu wimbi hukimbia kama sentimita 15 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa kama sentimita 6. Mwangwi uliochukua nanosekunde 80 kwenda na kurudi unaweza basi kumaanisha mita 6 au mita 2.4, kutegemea udongo ambao mpimaji amedhani uko chini. Juu ya hayo, mfinyanzi wenye maji hunyonya mawimbi haya haraka sana, na mara nyingi baada ya mita moja au mbili hakuna mwangwi wa kuaminika. Durupınar ni mteremko wa tope lililoporomoka, lenye mfinyanzi na vipande vya miamba ya kila namna. Ni katika mazingira magumu kabisa kwa rada.

Kuna jambo jingine ambalo video hazilitaji kamwe. Kati ya mstari mmoja wa rada na mwingine huwa kuna nafasi isiyopimwa, na programu ya kompyuta huijaza kwa kukisia ili ramani ionekane kamili. Ukiburuta rada kwa mistari sambamba, kisha ukakatisha kwa mistari mingine, ramani yako ina hatari ya kuzaa mistari iliyonyooka na pembe mraba zinazofuata njia ulizopita wewe mwenyewe. Ndiyo maana mtu akinionyesha "kuta zilizonyooka", la kwanza ninalotaka kuona ni ramani ya njia alizopita na rada.

Zile picha za rangi hasa hutokana na njia nyingine, ya ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Elektrodi, yaani vigingi vya chuma, huchomekwa ardhini kwa mstari, umeme hupitishwa, na volti hupimwa kati ya elektrodi moja na nyingine. Kompyuta kisha hutafuta mpangilio wa tabaka unaoweza kutoa vipimo vile. Mipangilio zaidi ya mmoja inaweza kutoa vipimo vilevile, na programu imefundishwa kuchagua ulio laini, usio na mabadiliko ya ghafla. Rangi huchaguliwa na mtumiaji: anaweza kufanya tofauti ndogo ionekane kama ukuta wa moto. Na kama elektrodi zimepangwa kila mita 5, haiwezekani kudai umeona kijia chenye upana wa mita 1.

Aliyewahi kuchimba kisima Dodoma au Kitui anaijua njia hii, kwa kuwa ndiyo ambayo wapimaji wetu wa maji huitumia. Ripoti huonyesha sehemu yenye ukinzani mdogo kwenye kina fulani, mwenye shamba hulipa mtambo, na shimo laweza kutoka kavu kwa sababu kilichopitisha umeme kilikuwa mfinyanzi. Hakuna anayejenga tangi kabla ya kutoboa. Durupınar inatakiwa ipimwe kwa kipimo hichohicho: doa la buluu kwenye mchoro wa video linaitwa doa mpaka litobolewe.

"Vifaa vilifuata mistari ya chuma kama misumari ya meli"

Picha hizi za miaka ya 1980 pengine umeziona: kanda za rangi zimetandazwa juu ya umbo zima, zikifuata "mistari ya chuma" kutoka tezi hadi omo. Mistari ile haikutoka kwenye kifaa cha kupima sumaku. Ilitokana na kile Wyatt na mwenzake David Fasold, mtaalamu wa kuopoa meli, walichokiita "jenereta ya masafa ya molekuli", ambacho kwa matumizi ni vijiti viwili vinavyoshikwa mikononi na kusubiriwa vicheze. Ni uaguzi wa vijiti, uleule unaotumika kutafutia maji vijijini Ulaya na Marekani. Jiofizikia haimo.

Kifaa halisi cha sumaku kingepata mabadiliko hapo hata kusingekuwa na msumari mmoja. Ağrı ni volkano, na miamba ya volkano ina magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku. Ikichakaa, chuma chake hugeuka kuwa limonaiti, madini ya rangi ya kutu yanayojikusanya katika mabonge na mishipa. Mwanajiolojia Lorence Collins alipochunguza sampuli zilizoitwa "chuma cha kuungia mbao" na "mbao iliyogeuka jiwe", alikuta limonaiti na mwamba wa volkano.

"Vipimo ni vilevile vya kitabu cha Mwanzo"

Mwanzo 6:15 inataja urefu wa mikono 300, upana mikono 50, kimo mikono 30. Wyatt alipima mita 157, na ukitumia mkono wa kifalme wa Misri wa sentimita 52.4 unapata mita 157. Ukitumia mkono wa kawaida wa kama sentimita 45, unapata mita 135. Wapimaji wengine wamepata zaidi ya mita 160 kwa umbo lilelile, kwa kuwa hakuna anayejua tope linaanzia wapi. Upana ndio unaoharibu hesabu: mikono 50 ya Misri ni mita 26, na umbo lina upana wa kama mita 42. Hapo huletwa maelezo kwamba meli ilifunguka ubavuni. Kipimo kinachopatana husifiwa na kisichopatana hutafutiwa udhuru, na kwa mwendo huo hakuna umbo litakalokosa kufaa.

"Wanaokataa ni wale wasioamini gharika"

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inamfuta mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote.

John Baumgardner alikuwa mwanajiofizikia wa maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani. Ni Mkristo anayeamini gharika ilifunika dunia nzima na kwamba dunia haina mamilioni ya miaka. Kama kuna mtu aliyetamani Durupınar iwe Safina, ni yeye. Alifika huko mwaka 1985 na akavutiwa. Kisha akafanya kile ambacho wengine hawakufanya: akarudi na vifaa. Kati ya wakati huo na 1988 eneo lilipimwa kwa rada, kwa sumaku na kwa mitetemo, halafu mwaka 1988 wakatoboa mashimo na kutoa vijiti vya mwamba, yaani sampuli ndefu zinazotolewa shimoni, kutoka ndani ya umbo lenyewe. Kilichotoka kilikuwa mwamba wa asili. Baumgardner akasema wazi kwamba ni umbo la asili: sehemu ngumu ya mwamba iliyobaki imesimama huku tope la maporomoko likiteleza na kuizunguka pande zote mbili, likaacha ncha mbele na nyuma.

Naye Fasold, yuleyule wa vijiti vya uaguzi, aliyekuwa ameandika kitabu kizima kutetea eneo hili, mwaka 1996 alikubali jina lake liwekwe pamoja na la Collins kwenye makala katika Journal of Geoscience Education iliyosema umbo hili ni muundo wa kawaida wa kijiolojia. Nawaheshimu wote wawili, Baumgardner na Fasold. Matokeo ya Baumgardner yana zaidi ya miaka 30 na yangestahili kutangazwa makanisani kwa nguvu ileile iliyotangaza madai.

Hata maandiko hayalazimishi mtu kushikilia mlima Ağrı. Mwanzo 8:4 inasema safina ilitua juu ya milima ya Ararati, bila kutaja kilele. Qurani, katika Sura Hud aya ya 44, inataja Judi, mlima ambao mapokeo ya kale yanauweka mbali kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Iraki.

"Udongo umepimwa, una umri wa enzi za Nuhu"

Kaboni 14 hupima wakati ambapo kiumbe fulani kilikufa. Mizizi, majani na wadudu wa maelfu ya miaka wamo katika udongo wa mteremko wowote. Umri wa mabaki hayo hauthibitishi kwamba mtu alijenga chochote hapo. Hata dai kwamba udongo wa ndani ya umbo una tofauti na wa nje ni lilelile ambalo maelezo ya mwamba na tope yangetabiri.

"Serikali ya Uturuki imethibitisha, na uchimbaji umezuiwa ili kuficha"

Serikali ililitambua eneo hili miaka ya 1980 na kuna kituo cha wageni hapo. Kulinda mahali wanapotembelea watalii si sawa na kutoa hukumu ya kisayansi. Kuhusu kuficha: palilipuliwa 1960 na kutobolewa 1988, na matokeo ya mara zote mbili yalitangazwa.

"Basi jiofizikia haifai kitu kwenye maeneo ya Biblia"

Wapo wanaokimbilia upande huu baada ya kuchoshwa na Durupınar, na wanakosea vilevile. Twendeni Qantir, katika delta ya Nile huko Misri. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Pi-Ramesse wa Farao Ramesesi wa Pili, ambao wataalamu wengi wanauhusisha na Ramesesi ya Kutoka 1:11. Leo juu yake ni mashamba ya wakulima. Kuanzia miaka ya 1990 timu ya Wajerumani chini ya Edgar Pusch ilipima mashamba yale kwa kifaa nyeti cha sumaku, na misingi ya matofali ya udongo wa Nile ikajitokeza kwenye ramani: barabara, nyumba za wakubwa, majengo makubwa. Kilichoipa ramani ile uzito ni kwamba Pusch alikuwa tayari anachimba. Mazizi makubwa ya farasi wa magari ya vita na karakana za shaba zilikwisha kupatikana kwa sururu na kolego, hivyo mchoro wa sumaku ulikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

Kwetu pia utaratibu huu umefanyika. Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, vipimo vya sumaku vilionyesha madoa katika viwanja vilivyodhaniwa vitupu kati ya magofu ya mawe. Wanaakiolojia wakachimba, wakakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Kabla ya kuchimba waliyaita madoa.

Durupınar ingeweza kufanyiwa hivyohivyo bila kuharibu mengi. Zitobolewe nukta chache palepale ambapo "korido" inadaiwa kupita, na nyingine nje ya umbo kwa ajili ya kulinganisha. Vijiti vya mwamba vitolewe hadharani, na data ghafi za rada na umeme zichapishwe ili mpimaji yeyote wa Ankara, Nairobi au Dar es Salaam aweze kuzichakata upya. Anayekuletea video mpya muulize kama hayo yamefanyika, mwaka gani, na yamechapishwa wapi.