Leseni ya kutafuta dhahabu Uganda inakuruhusu nini hasa

Ukinunua shamba Mubende au Busia na chini yake kukawa na dhahabu, shamba ni lako, dhahabu si yako. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ni mali ya raia. Ibara ya 244 inayakabidhi madini kwa serikali kwa niaba ya taifa. Wanaochanganyikiwa hapa siwalaumu, maana Katiba hiyohiyo haihesabu udongo wa mfinyanzi, murram, mchanga wala mawe ya kujengea kuwa madini. Mtu aliyekua akiona malori ya mchanga yakitoka shambani kwa baba yake lazima ashangae akiambiwa dhahabu ina mwenyewe mwingine.

Leseni ya utafutaji ni ruhusa ya huyo mwenyewe: nenda kaangalie kama ipo. Huombwa Kurugenzi ya Jiolojia na Migodi, Entebbe. Sheria inayotumika sasa ni ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ukiwa nayo unashuka kijitoni na karai, unachota changarawe, unaizungusha majini mpaka mchanga mwepesi umwagike ubaki ule mweusi mzito, kisha unakodoa macho kama kuna chembe za manjano pembeni yake. Unachukua sampuli, unapeleka maabara. Basi. Kuchimba ili uuze ni leseni nyingine.

Tena haikupi eneo la peke yako. Mwenzako mwenye leseni kama yako anaweza kuosha mchanga kijito hichohicho. Anayetaka eneo afungiwe yeye huomba leseni ya uchunguzi, na hilo si jambo dogo: Agosti 2017 jeshi liliwaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo Mubende, katika eneo ambalo kampuni ilikuwa na leseni ya aina hiyo.

Sasa ardhi yenyewe. Leseni ya Entebbe haikufungulii geti la mtu. Karibu na nyumba, shamba lililolimwa, josho au makaburi, unahitaji idhini ya mwenye ardhi au anayeikalia kihalali. Hayo maneno "anayeikalia kihalali" ndiyo huwaponza wageni Buganda. Kwenye ardhi ya mailo, yaani ile ya hati ya umiliki wa kudumu, mwenye hati anaweza kuwa anaishi Kampala huku mwenye kibanja, yaani anayeikalia ardhi hiyo bila kuwa na hati yake, ndiye analima migomba pale, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Ukikubaliana na mmoja tu, utakutana na panga la mwingine. Karamoja, kaskazini-mashariki, ni tofauti: nyika inayoonekana haina mtu ni malisho ya ukoo, na mazungumzo ni ya wazee.

Ardhi ya umma nayo si shamba la bibi. Msitu wa hifadhi una Mamlaka ya Taifa ya Misitu, mbuga ina Mamlaka ya Wanyamapori, na kila mmoja ana masharti yake. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inakutambulisha kijijini tu. Haichukui nafasi ya hizo ruhusa.

Mazao yakiharibiwa, mwenyewe hulipwa fidia. Dhahabu ikianza kuchimbwa, mwenye ardhi hupata sehemu ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji hulipia madini anayotoa. Chini ya sheria ya 2003 ilikuwa asilimia 3, serikali za mitaa 17, na 80 zilizobaki zilikwenda serikali kuu.