Jasho la Mapaja Si Mafuta

Jumanne asubuhi aliingia mteja wa tano tangu mwezi huu uanze akiwa amejiviringishia mapajani nailoni ya kufunikia chakula, chini ya gomesi, na akaniuliza ni kuchuchumaa mara ngapi kwa siku kutakakoyeyusha mafuta ya hapo peke yake. Alipoifungua, maji yalimtiririka hadi kwenye vifundo vya miguu, naye akanionyesha kwa fahari: “Daktari, si unaona yanatoka?” Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kilichokuwa kinatoka ni jasho, ambalo lingerudi lote kwa bilauri mbili za maji kabla mama huyo hajafika Wandegeya, mtaa wa Kampala.

Kuchuchumaa hakuchomi mafuta ya paja. Msuli unaofanya kazi hutumia akiba yake pamoja na mafuta yanayoletwa na damu, na damu huyakusanya mwilini kote kwa mpangilio unaoamuliwa na urithi na homoni, wala si na mahali unaposikia maumivu. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu ambao kwa miaka mingi huutumikisha mkono mmoja kuliko mwingine. Mkono wa raketi ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya misuli, lakini mafuta yaliyo chini ya ngozi yalikuwa na unene uleule pande zote mbili. Ni kweli kwamba vipimo vya baadaye vilionyesha mafuta yanayopakana na msuli unaofanya kazi yakiyeyuka zaidi kidogo wakati wa zoezi, na sipendi wenzangu wanavyoliruka jambo hilo. Ila kiasi chenyewe ni kidogo mno, chapati moja ya jioni inakifuta.

Lakini kinachonichosha zaidi ni kwamba kabla ya kuuliza dawa, hakuna anayeuliza mguu wake umenenepa kwa kitu gani. Simama kwa ncha za vidole ili shavu la mguu likaze, kisha bana kwa kidole gumba na cha shahada: kinachobaki kati ya vidole ni ngozi na mafuta, na kinachokuponyoka ni msuli. Mama wa nailoni alibana shavu lake akapata ngozi tupu, na hapo ndipo alipokiri kwamba kwa miaka miwili amekuwa akipanda boda kila Jumapili hadi kanisani Namirembe, mwendo wa dakika chache, kwa kuogopa kwamba mlima unamkuza miguu.

Mlima haukumpa miguu ile. Umbo la shavu la mguu hutegemea sana mahali msuli unapokomea na kano ya kisigino inapoanzia. Mwenye kano ndefu, msuli wake hukaa juu karibu na goti, na chini yake mguu unaonekana mwembamba. Mwenye kano fupi, msuli hushuka hadi karibu na kifundo, na hakuna zoezi wala mkando utakaorefusha kano hiyo. Watu hunitajia Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020, kana kwamba mbio ndizo zilizomchonga. Kwa sehemu kubwa mambo huenda kinyume: mguu mwepesi chini ya goti hauhitaji nishati nyingi kurushwa mbele, kwa hiyo mbio ndefu huwachuja watu na kuwabakiza wenye miguu ya namna hiyo.

Msuli unaweza kupungua, sikatai. Aliyewahi kuvuliwa plasta baada ya wiki 6 anaujua mguu aliokuta ndani. Korea Kusini kuna wanaochomwa sindano ya botulinamu, sumu inayolegeza msuli, kwenye mashavu ya miguu ili msuli usinyae, na baada ya miezi kadhaa nguvu ya sindano huisha. Mimi siwezi kumshauri mtu ajidhoofishe ili sketi imkae vizuri.

Kama ni mafuta, punguza chakula kwa kiasi, tembea, nyanyua vitu vizito, na usitarajie zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Mwanamke ajue kwamba mara nyingi mapaja na nyonga huwa za mwisho kupungua. Kama ngozi inabaki na shimo ukiibonyeza, hayo ni maji, na kama mguu mmoja umevimba ghafla na kuuma, nenda hospitali leo, usimalize kusoma. Kama miguu yote miwili ni minene hadi kifundoni huku nyayo zikiwa za kawaida, inauma ikiguswa na kuvilia damu kwa urahisi, huenda ni lipidema, ugonjwa wa mafuta kujikusanya miguuni, ambao ulielezwa Marekani mwaka 1940 na bado wagonjwa wake wanaambiwa ni walafi.

Utafiti wa Denmaki wa mwaka 2009 uliwakuta watu wenye mapaja ya chini ya sentimita 60 hivi wakiwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na kufa mapema. Haukuthibitisha kwamba paja nene ndilo linalokinga, na sijui kama habari hiyo imewahi kumfariji mtu mbele ya kioo. Mimi mwenyewe nilirithi mashavu ya miguu ya baba yangu, na hadi nilipofika miaka 30 sikuvaa kaptula hata ufukweni Entebbe, ingawa nilikuwa nimeyasoma yote haya na kuyafaulu kwenye mtihani. Kilichonibadilisha si hoja. Nilianza kucheza mpira na watu wa mtaani, kila mtu akiwa na kaptula, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitazama.

Mama wa nailoni nilimpa kazi moja tu: apande Namirembe kwa miguu kwa wiki 8, na tupime mashavu kwa utepe mwanzoni na mwishoni. Alikubali, kwa sharti kwamba yakiongezeka hata sentimita 1 nitamlipia boda mwaka mzima.