Je, wajua kwa nini Yoabu alimshika Amasa ndevu?

Samweli wa Pili, sura ya 20, ina mauaji yaliyofanywa kwa mikono miwili, kila mmoja na kazi yake. Wa kulia ulishika ndevu, wa kushoto ulishika upanga. Yoabu, jemadari wa mfalme Daudi, anamjulia hali Amasa, anamwita ndugu yangu, anamvuta karibu ili ambusu, na kabla busu halijafika matumbo ya Amasa yamemwagika chini. Pigo lilikuwa moja tu.

Ndevu zilikuwa sehemu ya salamu. Kumshika mwanamume ndevu na kumbusu lilikuwa jambo la watu wa karibu, watu wanaoaminiana. Lakini Yoabu alikuwa na sababu ya pili. Kwa askari, mkono wa kulia ndio mkono wa silaha, na ukiuona umeshika ndevu zako huna haja ya kuuchunga tena. Upanga nao ulikuwa umechomoka alani ukaanguka wakati Yoabu anasogea mbele. Mwandishi hasemi uliokotwaje, ila anasema Amasa hakujihadhari nao ulipokuwa mkononi mwa Yoabu. Ni rahisi kuelewa: aliyedondosha kitu akakiokota kwa mkono wa kushoto haonekani kama mtu anayejiandaa kuua. Ujanja wa mkono wa kushoto haukuwa mpya katika Israeli. Zamani za Waamuzi, Ehudi mwenye shoto alimuua mfalme Egloni wa Moabu kwa upanga aliouficha kwenye paja la kulia.

Na neno ndugu halikuwa la kupamba salamu. Yoabu ni mtoto wa Seruya, Amasa ni mtoto wa Abigaili, na mama zao ni dada zake Daudi. Kwa hesabu yetu hao si mabinamu, ni ndugu kabisa, na mfalme ni mjomba wa wote wawili.

Kisa chao ni cheo. Absalomu alipomwasi baba yake, Daudi, alimpa Amasa jeshi. Uasi ukashindwa, Yoabu akamuua Absalomu akiwa ananing'inia kwenye mwaloni, ingawa mfalme alikuwa ameagiza mbele ya watu wote kijana asiguswe. Daudi akaapa kumpa Amasa ukuu wa majeshi mahali pa Yoabu. Fikiria hapo: jemadari aliyeshinda vita anaachishwa kazi, na nafasi yake anapewa jemadari aliyeshindwa. Kisha Sheba mwana wa Bikri akaanzisha uasi mwingine, Amasa akapewa siku 3 kuwakusanya watu wa Yuda, akachelewa. Walipokutana penye jiwe kubwa la Gibeoni, Yoabu hakuwa na amri yoyote ya kumgusa.

Gibeoni si mahali pa bahati tu. Miaka mingi kabla, penye bwawa la mji huohuo, vijana 12 wa upande wa Daudi walipambana na 12 wa nyumba ya Sauli, mfalme aliyemtangulia, na vita vikapamba moto. Asaheli, mdogo wake Yoabu, mwepesi wa miguu kama paa, alimkimbiza Abneri, jemadari wa upande wa pili. Abneri alimsihi mara mbili aache, akimuuliza atawezaje kumtazama Yoabu usoni akimuua. Asaheli hakusikia. Abneri akamchoma kwa ncha ya nyuma ya mkuki.

Baadaye Abneri aligombana na mfalme wake, Ishboshethi mwana wa Sauli, akaja Hebroni na watu 20 kumletea Daudi Israeli yote. Daudi akamfanyia karamu. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, maana shalom ya Kiebrania na salama yetu, tuliyoipata kwa Kiarabu, ni neno la shina moja. Aya tatu mfululizo zinasema Abneri alikwenda kwa shalom, yaani aliondoka salama. Aya ya nne anasema Yoabu, aliyekuwa ametoka vitani: kwa nini umemwacha aende? Shalom ameiacha. Akatuma wajumbe wamrudishe Abneri kutoka kisima cha Sira bila Daudi kujua, akamvuta kando langoni kama mwenye neno la siri, akamchoma tumboni. Na lile swali la Gibeoni, Yoabu akimuuliza Amasa hali yake? Kwa Kiebrania ni shalom hiyohiyo.

Kwa Abneri Yoabu alikuwa na la kujitetea: kisasi cha damu ya mdogo wake. Mimi halinitoshi. Asaheli aliuawa vitani baada ya kuonywa, Abneri aliuawa baada ya karamu, na Hebroni imetajwa katika kitabu cha Yoshua kuwa mji wa makimbilio, mahali ambapo mwenye kisasi alitakiwa kujizuia. Na jemadari aliyeleta makabila yote ya kaskazini angepewa cheo gani, kama si cha Yoabu?

Daudi alimlilia Abneri, akatembea nyuma ya jeneza, akakataa kula mpaka jua litue, akakiri kwamba wana wa Seruya wamemzidi nguvu. Kumwadhibu hakumwadhibu, na baadaye ikawa vigumu zaidi, kwa sababu ya barua. Daudi alipotaka kuficha mimba aliyompa Bathsheba, mke wa askari wake Uria, alimwandikia Yoabu amweke Uria mahali penye vita vikali kisha wamwache peke yake. Aliyeipeleka barua ni Uria mwenyewe. Aliyeitekeleza ni Yoabu. Mfalme mwenye deni la namna hiyo anamhukumu vipi jemadari wake?

Alingoja mpaka kitandani mwa kufa. Abneri aliuawa Daudi akiwa bado anatawala Hebroni, na baada ya hapo alitawala Yerusalemu miaka 33. Ndipo akamwambia mwanawe na mrithi wake, Sulemani, kwamba Yoabu alimwaga damu ya vita wakati wa amani, akaipaka kwenye mshipi wa kiunoni na viatu vya miguuni. Yoabu alikimbilia madhabahuni akashika pembe zake kuomba hifadhi, lakini sheria ya Kutoka 21 inasema anayemuua mwenzake kwa hila aondolewe hata hapo. Benaya aliyetumwa kumuua ndiye aliyepewa jeshi.

Sura ya 23 ya Samweli wa Pili ina orodha ya mashujaa wa Daudi. Abishai yumo, anatajwa kuwa ndugu wa Yoabu. Asaheli yumo, ndugu wa Yoabu. Naharai yumo, mchukua silaha wa Yoabu. Yoabu mwenyewe hana mstari wake. Wa mwisho ni Uria Mhiti, kisha jumla: 37.